Buibui wa Sumu Chumbani: Mwongozo kwa Mwanafunzi Mgeni wa Hosteli za Kansas, Missouri na Majimbo Jirani

Kila Agosti, wageni wakishatua Wichita, Kansas City, Tulsa, Dallas au Nashville na kukabidhiwa ufunguo wa chumba, maswali huanza upya, na ni yale yale. Kaka, nimeona buibui wa kahawia ukutani, ana sumu? Nipulize dawa gani? Nihame? Nimeyajibu yote hapa, ili ukimwona saa saba za usiku uwe na la kufanya kabla hujaamsha ghorofa nzima.

Shika jambo moja kabla ya mengine: buibui huyu wa kahawia hakuwindi. Huuma anapobanwa kwenye ngozi. Umemvaa ndani ya fulana, umemkanyaga ndani ya kiatu, au umemlalia. Kwa hiyo kazi yako si kumaliza buibui wa jengo zima, maana hiyo huiwezi. Kazi yako ni kuhakikisha hawafiki kwenye kitanda, nguo na viatu vyako. Ukitaka kujua hilo linatosha kiasi gani, kuna nyumba moja huko Lenexa, Kansas, iliyoandikwa kwenye utafiti wa mwaka 2002. Ndani ya miezi sita walikusanywa humo buibui 2,055 wa aina hii. Familia ilikuwa ikiishi humo kwa miaka, na hakuna hata mmoja aliyeumwa.

Je, uko kwenye eneo lake?

Ninayemzungumzia ni yule ambaye Wamarekani humwita brown recluse. Lishike jina hilo kwa Kiingereza, kwa sababu ndilo utakaloandika ukitoa taarifa. Wataalamu humwita Loxosceles reclusa. Mimi hapa nitamwita buibui wa fidla, kwa ajili ya alama ya umbo la fidla (violini) aliyo nayo mgongoni.

Makao yake ni Kansas, Missouri, Oklahoma, Arkansas, Tennessee, Kentucky, Louisiana, Mississippi, Alabama, mashariki mwa Texas, na sehemu za kusini za Illinois na Indiana. Ukiwa Boston, New York, Seattle au Minneapolis, nafasi ya kumkuta ni ndogo sana, labda mmoja aliyesafiri ndani ya boksi la mtu. California wanamsema mno, lakini si kwao.

Wa pili ni mjane mweusi, black widow. Ni mweusi wa kung'aa, tumbo la duara, na chini ya tumbo ana alama nyekundu ya pembetatu mbili zilizogusana ncha. Huyu hupenda nje: chini ya vyuma vya kufungia baiskeli, ndani ya maboksi ya mita, chini ya ngazi, kwenye stoo. Chumbani ghorofa ya tatu humkuti mara nyingi. Ndugu yake wa kahawia, Latrodectus geometricus, yupo hata kwetu Afrika. Mwongozo huu umemlenga zaidi yule wa fidla, kwa sababu ndiye anayekaa ndani na watu.

Vitu vya kuandaa

Vingi utavipata Walmart au duka lolote la vifaa vya nyumbani, na havitakumaliza pesa.

- Mitego ya gundi, ile bapa ya karatasi ngumu inayokunjwa ikawa kama handaki. Nunua kumi au zaidi. Haina sumu.
- Tochi. Ya simu inafaa.
- Kifyonza vumbi. Usinunue. Hosteli nyingi huwa nacho mapokezi, unaacha kitambulisho unaazima.
- Masanduku ya plastiki yenye mfuniko unaobana, matatu au manne.
- Mifuko mikubwa ya plastiki yenye zipu.
- Glasi au chupa ya mdomo mpana, na kadi ngumu.
- Spiriti ya kusafishia vidonda, kichupa kimoja.
- Glavu nene, za bustani hasa.
- Kalamu ya wino mzito.
- Namba 1-800-222-1222, iwe kwenye simu yako tangu leo. Ni ya kituo cha sumu cha Marekani, ya bure, saa 24, na ukiomba mkalimani unapewa.

Kazi yenyewe

1. Ukimwona, usimpige. Mfunike.

Najua mkono unaenda kwenye ndala wenyewe. Uzuie. Buibui aliyepondwa hatambuliki, na usipomtambua utakaa muhula mzima ukiogopa kitu ambacho huenda hakina shida. Mfunike kwa glasi, pitisha kadi chini polepole, geuza. Buibui wa fidla hawezi kupanda kioo laini, kwa hiyo ndani ya glasi atazunguka chini tu. Mpige picha karibu, na picha nyingine ukiwa umeweka sarafu ya senti 25 kando ya glasi. Kisha mmiminie spiriti. Anakufa, na anabaki mzima wa kuonyesha watu.

Sasa mwangalie. Mwili wake ni sentimita moja hivi au chini ya hapo, na miguu ikinyooka anakaribia upana wa hiyo sarafu. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, na ni moja: tumbo halina michoro, miguu haina mistari wala miiba. Sehemu ya mbele ya mgongo, nyuma ya macho, ana doa jeusi lenye umbo la fidla, shingo ikielekea tumboni.

Ila usiishie kwenye fidla. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu buibui wengine kadhaa wasio na neno wana doa linalofanana. Hesabu macho. Buibui wengi wana manane. Huyu ana sita, na yamekaa mawili mawili: jozi moja mbele, moja kila upande. Kuza picha kwenye simu utayaona. Ukiona miguu yenye mistari, au mnyama mkubwa mwenye manyoya aliyekatiza zulia mbio, si yeye. Huyo mkubwa kwa kawaida ni buibui mwindaji. Anatisha, lakini mtoe nje kwa glasi, yaishe.

Ukishindwa kuamua, kila jimbo lina huduma ya ugani ya chuo kikuu, kama tulivyo na maofisa ugani nyumbani. Kansas State na Oklahoma State, kwa mfano, wana wataalamu wa wadudu. Watumie picha.

2. Toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa maandishi.

Kila ghorofa ina mwanafunzi msimamizi, wote humwita RA. Mwambie, lakini usiishie kumwambia kwa mdomo. Jaza ombi la matengenezo kwenye mfumo wa ofisi ya makazi: namba ya chumba, tarehe, ulipomwona, picha. Andika jina la buibui kama ulivyolithibitisha. Ukiandika tu kwamba umeona buibui, ombi lako litakaa foleni moja na balbu zilizoungua.

Waombe mambo mawili kwa kuyataja: brashi au mpira wa kuziba chini ya mlango, na kuzibwa kwa matundu ya mabomba na nyuma ya vifuniko vya soketi. Buibui hawa hupita ndani ya kuta na kutokea hapo. Wewe usiguse soketi. Usichokonoe, usijaze povu wala gundi. Umeme wa kule ni volti 120, lakini unaua vile vile.

3. Kiache kitanda kisimame peke yake.

Kivute sentimita 15 hadi 20 kutoka ukutani, pande zote, hata kichwani. Shuka na blanketi visiguse sakafu. Lile pazia la kitambaa wanalofungia chini ya godoro kuficha mizigo, litoe. Kitambaa kinachofika chini ni ngazi. Waya wa chaja ya simu unaotoka ukutani moja kwa moja hadi kwenye mto wa kulalia nao uondoe. Kitanda kikiwa na miguu ya chuma laini, umeshinda nusu ya kazi.

Walio na chandarua kutoka nyumbani huuliza kama kinafaa. Kinafaa kikichomekwa chini ya godoro pande zote. Tatizo ni kwamba hosteli nyingi haziruhusu kutoboa dari, kwa hiyo uliza kwanza usije ukalipishwa.

4. Toa kila kitu chini ya kitanda.

Masanduku ya safari, begi la michezo, mfuko wa nguo za kufua, viatu vya sherehe. Vaa glavu na vuta kitu kimoja kimoja kwa kukikokota, usiingize mkono gizani. Kila kitu kikikung'utwa kinaingia kwenye sanduku la plastiki na mfuniko unafungwa. Begi la safari tupu lifunge zipu zake zote, hata za mifuko midogo ya nje, uliweke juu ya kabati.

5. Maboksi ya karatasi yatoke leo.

Hili sina masihara nalo. Buibui wa fidla porini hukaa chini ya magome ya miti, na pale boksi linapokunjwa, karatasi juu ya karatasi, anapata makao ya namna ile ile. Wanafunzi wanaomaliza hugawa vitu vyao ndani ya maboksi yaliyolala stoo ya chini mwaka mzima: sufuria, pasi, vitabu, mablanketi. Pokea, ndugu yangu, zawadi haikataliwi. Lakini fungulia nje, kwenye maegesho, mchana, ukiwa na glavu. Boksi liache huko huko.

6. Fyonza vumbi kuanzia kona.

Pita pale ukuta unapokutana na sakafu, nyuma ya meza, nyuma ya friji ndogo, ndani ya kabati la nguo juu na chini, na kwenye reli ya droo. Droo zitoe nje kabisa. Ukikuta ngozi zilizovuliwa, kama za nyoka ila ndogo mno, na miguu yake imenyooka, hapo kuna mkazi. Ukikuta kifuko cheupe cha hariri kisichofika sentimita moja, hayo ni mayai, na yanaweza kufika 50 hivi. Fyonza vyote.

Ukimaliza, mfuko wa kifyonza ufunge ndani ya mfuko wa plastiki na uupeleke pipa kubwa la nje usiku huo huo. Usirudishe mashine mapokezi na mzigo wako ndani.

Makombo nayo. Makombo huleta mende, na mende ni chakula cha buibui, akiwa hai au mfu. Unga, sukari na mchele viwekwe kwenye makopo.

7. Tega mitego.

Andika tarehe kwenye kila mtego kwanza. Kisha uweke sakafuni, ubavu wake ukiwa umegusa ukuta kabisa. Buibui huyu hutembea usiku akifuata kingo. Mtego ulioachwa sentimita kumi kutoka ukutani atapita nyuma yake. Weka mmoja nyuma ya meza, mmoja kila kona ya kabati, mmoja nyuma ya mlango, mmoja karibu na kila mguu wa kitanda, na mmoja kando ya bomba la joto. Usiweke katikati ya njia, utaamka kwenda msalani ukaukanyaga.

8. Nguo na viatu: hapa ndipo watu huumwa.

Hatua hii ikikosewa, zile saba za juu zimepotea bure.

Hakuna nguo sakafuni. Si suruali ya jana, si taulo, si soksi. Kapu la nguo chafu liwe na mfuniko, au mfuko ning'iniza. Nguo za kila siku ning'iniza zikiwa zimepishana, zisifike chini. Kanga au taulo lililotundikwa nyuma ya mlango ukalikuta limeburuza, lipandishe. Mswala ukimaliza kuswali ukunje uweke juu ya kiti, na kabla ya kuutandika ukung'ute.

Nguo ambazo hutavaa wiki hii ziingie kwenye mfuko wa zipu. Na hapa nataka kusema kitu kuhusu koti la baridi. Unalinunua Septemba kwenye duka la mitumba, unalitundika nyuma kabisa ya kabati, unalisahau. Oktoba mwishoni baridi inakata ghafla, umechelewa darasani, unachomoa koti na kuingiza mkono hadi mwisho wa mkono wa koti kwa nguvu. Fikiria kilichokuwa kimelala humo majuma matano kikigongwa na kiwiko chako. Kabla ya kuvaa nguo yoyote iliyokaa, igeuze ndani nje na uikung'ute kwa nguvu mara kadhaa mbali na kitanda. Glavu za baridi zibonyeze kidole kimoja kimoja kutoka nje. Buti zigonge kisigino kwa kisigino, zipindue, zimulike ndani. Waliokulia bara kwenye nge wanajua desturi hii. Waliokulia mjini wataizoea.

Viatu vya kila siku viweke ndani ya sanduku la plastiki au juu ya rafu. Ndala pia.

Kuhusu kufua: mashine ya kukaushia ikiwekwa moto mkali itamaliza buibui na mayai. Lakini vyumba vya kufulia mara nyingi viko chini ya jengo, mahali anapopapenda. Kapu usiliache sakafuni humo ukaenda kusoma kwa saa mbili.

9. Desturi ya kabla ya kulala.

Funua blanketi lote, mulika shuka, geuza mto. Sekunde ishirini. Ukiamka usiku, washa taa kabla ya kushusha miguu.

10. Soma mitego kila wiki.

Chagua siku, tuseme Jumapili. Mulika ndani ya kila mtego na uandike umepata nini na wapi. Mtego si wa kukamatia tu, unakuonyesha anakotokea. Ukikamata watatu nyuma ya meza na kitanda hakuna, tundu liko nyuma ya meza. Piga picha, ongeza kwenye ombi lako la matengenezo. Mtego ukijaa vumbi badilisha, kwa sababu gundi yenye vumbi hainasi.

Makosa yanayorudiwa kila mwaka

Kupuliza dawa. Ile ya kopo, ambayo kwetu wote tunaiita Doom hata ikiwa ya kampuni nyingine, haimsumbui sana buibui huyu isipompata mwilini moja kwa moja. Hutembea kwa ncha za miguu, kwa hiyo dawa iliyokauka sakafuni haimwingii kama inavyomwingia mende. Wewe ndiye utakayelala na harufu, kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka. Hosteli nyingi pia zinakataza.

Mabomu ya moshi, yale makopo yanayofukiza dawa chumba kizima, ni mabaya zaidi. Hayafiki kwenye nyufa anakojificha, yanaweza kumfukuza kutoka ukutani aje kitandani, na yanaweza kuamsha kengele ya moto. Ukiwatoa watu 400 nje kwenye theluji saa tisa usiku, hawatakusahau.

Kuua kila buibui. Wale wenye miguu mirefu membamba wanaoning'inia kwenye kona za dari waache. Hawana habari na wewe, na hula wadudu, hata buibui wenzao.

Kusema kila kipele ni buibui. Madoa matatu yaliyojipanga mstari mara nyingi ni kunguni, au viroboto. Buibui kwa kawaida huuma mahali pamoja tu, mara moja. Jipu jekundu lililovimba na kutoa usaha mara nyingi ni bakteria wa ngozi, ambao kwenye hosteli huambukizwa kwa taulo na vyombo vya mazoezi. Uchunguzi mmoja wa kusini mwa California uliangalia wagonjwa 182 waliofika hospitali wakisema wameumwa na buibui. Saba tu ndio walioonekana kuumwa naye kweli, na 156 walikuwa na maambukizi ya ngozi. Hii si habari ya kuchekesha, kwa sababu maambukizi hayo yanahitaji dawa, na yakicheleweshwa huwa makubwa.

Na taharuki yenyewe. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Michigan kilifunga maktaba ya Shapiro kwa siku mbili kwa sababu ya buibui watatu wa jamii hii walioonekana stoo za chini. Baadaye msemaji wa chuo alieleza kwamba kufunga kulitokana na kutoielewa hali vizuri. Kama maktaba nzima ilipatwa na hofu, wewe usijilaumu. Lakini usihamie kwa rafiki ukiwa na mabegi ambayo hujayakung'uta.

Ukiumwa

Kuumwa na buibui wa fidla mara nyingi hakuumi papo hapo. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, kati ya mbili na nane. Katikati panaweza kupauka au kuwa na rangi ya bluu, wekundu ukizunguka, pengine na lengelenge. Wengi hupona bila chochote kikubwa. Wachache hupata kidonda kinachooza ngozi na kuchukua majuma kupona.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Osha kwa sabuni na maji.
2. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi, pumzisha dakika kumi. Usiweke kitu cha moto.
3. Inua sehemu iliyoumwa, usiichoshe.
4. Mtafute buibui, hata akiwa amepondeka, umtie kwenye spiriti.
5. Piga 1-800-222-1222. Watakuambia kama unahitaji hospitali au unaweza kusubiri kituo cha afya cha chuo kifunguliwe. Kwa mwenye bima ya mwanafunzi, simu hiyo inaweza kukuokoa na bili ya chumba cha dharura ambayo ungeilipa hadi ukamaliza shahada.
6. Chora mstari wa kalamu kuzunguka wekundu na uandike saa. Daktari atataka kujua kama unapanuka.

Usichanje, usinyonye, usifunge kamba juu ya jeraha, usipake dawa za miti wala dawa ya meno. Muulize daktari kuhusu sindano ya pepopunda kama huna kumbukumbu ya sindano ya mwisho.

Usisubiri, nenda hospitali, ukipata homa, kutapika, vipele mwili mzima, macho kuwa ya njano, au mkojo mweusi. Mkojo mweusi maana yake chembe za damu zinavunjika. Hutokea kwa wachache, ndani ya siku chache za kwanza, na haungoji Jumatatu. Ukiumwa na mjane mweusi dalili ni nyingine: ndani ya saa moja au mbili misuli inakaza, tumbo linakuwa gumu kama ubao, jasho linatoka. Nenda hospitali, kwa sababu kwa huyo dawa ya kuzima sumu ipo. Kwa yule wa fidla, Marekani haipo, hutibiwa jeraha lenyewe na dalili zake. Ukishindwa kupumua, 911.

Mambo yakigoma

*Nilimwona, kisha akatoroka.* Usiuvuruge usiku wako kumtafuta. Fanya hatua ya 3 na ya 9, tega mitego minne kuzunguka alipoingilia, lala. Anatembea usiku, mtego unaweza kumpata kabla yako.

*Yumo kwenye beseni la kuogea au sinki.* Ametumbukia na hawezi kupanda. Mfunike kwa glasi, hatua ya 1. Usimsukume na maji.

*Mitego imekaa wiki tatu haina kitu.* Kama imegusa ukuta na gundi bado inanata, basi huenda alikuwa mgeni mmoja. Acha mitatu muhula mzima.

*Inakamata mende tu.* Una tatizo la mende, na ofisi huitikia mende haraka kuliko buibui. Ripoti hao. Mende wakiisha, chakula cha buibui nacho kimepungua. Lakini usitegemee njaa peke yake kumwondoa, kwa sababu anaweza kukaa miezi bila kula.

*Nakamata wa fidla kila wiki.* Hapo shida si chumba chako, ni jengo. Kusanya picha zenye tarehe, waulize majirani wa pande mbili na wa chini nao watege, mpeleke ripoti moja yenye vyumba vyote. Omba mtaalamu wa wadudu aje kuangalia kuta na dari, si kupuliza kwenye korido na kuondoka. Hapo pia una haki ya kuomba kuhamishwa.

*Ofisi haijibu.* Baada ya siku tatu za kazi rudi na namba ya ombi lako, uende mwenyewe dirishani. Usipopata jibu, nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Wanajua mlango wa kugonga.

*Ninayekaa naye chumba ana maboksi na haelewi.* Usianze na boksi. Muonyeshe mtego wenye buibui ndani. Kama hakuna, msaidie kununua sanduku moja la plastiki na umhamishie vitu mwenyewe, ukiwa na ruhusa yake. Gawaneni chumba: upande wako uwe safi kabisa, na mitego ipangwe kwenye mpaka.

*Gundi imenasa soksi, au zulia.* Mafuta ya kupikia. Paka, subiri, sugua taratibu, kisha sabuni. Zulia usilivute kwa nguvu, utalipia.

*Msimu wa baridi umefika, niondoe mitego?* Hapana. Nje wanapoa, lakini jengo lina joto mwaka mzima, na ndipo koti na buti vinapoanza kutoka kabatini.

*Nafunga mizigo ya kurudi nyumbani.* Funga mchana, kitandani, si sakafuni. Kila nguo ikung'utwe kabla ya kukunjwa. Begi lililokaa juu ya kabati lifungue zipu zote, lifyonzwe ndani na kwenye mishono, kisha lifungwe na lisiachwe wazi hadi asubuhi. Zawadi zilizokaa stoo zitoe kwenye maboksi yake ya zamani.